Polaraiza yako haibadilishi kitu? Tuanze na jua lilipo

Msimu wa harusi ndio msimu ninaoletewa polaraiza, zile filta za kuzungusha mbele ya lenzi zinazopunguza mng'ao. Kijana anafika kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kamera shingoni, anafungua kioo cha mbele ya lenzi na kunikabidhi kama mtu anayerudisha soda iliyoisha gesi. "Kaka, nimepigwa. Naizungusha mpaka kidole kinauma, hamna kinachobadilika." Naazima kikokotoo cha dada wa duka la jirani, nakitazama kupitia filta, naizungusha robo mzunguko. Kidirisha chote cha kikokotoo kinakuwa cheusi. Filta ni nzima. Ndipo nauliza: ulipiga wapi, saa ngapi, umeelekea upande gani? "Matema, kule Ziwa Nyasa, saa kumi jioni, nilikuwa naipiga milima ya Livingstone." Namrudishia filta yake. Milima ile iko mashariki, jua la saa kumi liko magharibi, kwa hiyo alikuwa amelipa jua mgongo. Hapo polaraiza haina la kufanya hata ungeinunua kwa bei ya ng'ombe.

Filta nyingi ninazoletewa kwa ugonjwa huo haziumwi. Ila zipo zinazoumwa kweli, na zipo ambazo si polaraiza kabisa. Nitayapitia malalamiko jinsi ninavyoyasikia, lakini kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea ndani ya kioo kile, maana bila hilo utakariri tu.

Mwanga wa jua unakuja ukitikisika pande zote: wima, ulalo, mshazari. Ukigonga maji, kioo, jani au rangi ya gari ukaruka, au ukitawanywa na hewa huko juu, sehemu yake kubwa hubaki ikitikisika upande mmoja. Sasa fikiria shamba la misindano la Sao Hill kule Mufindi, miti imepandwa kwa mistari. Mwenye ubao aliousimamisha anapita katikati ya miti. Aliyeubeba kwa kuukingamisha anakwama. Polaraiza ni shamba hilo, na ukiizungusha unachagua mbao zipi zikwame. Haiongezi buluu wala kijani. Inazuia mng'ao uliokaa upande mmoja, na rangi iliyokuwa imefunikwa chini yake inajitokeza. Mwanga ambao haujapangika, yaani ambao bado unatikisika pande zote, haiwezi kuuchambua, itaupunguza tu.

Jambo hili si geni. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliliona mwaka 1808 akiwa Paris, alipotazama kwa kipande cha fuwele mwanga wa jua ulioruka kutoka madirisha ya jumba la Luxembourg. Karatasi nyembamba inayofanya kazi hiyo, ambayo ndiyo mama wa filta zetu, ni kazi ya Mmarekani Edwin Land, miaka ya 1920 mwishoni.

Kabla ya kuilaumu, ipime

Kikokotoo cha dukani kinatosha. Upande wa filta unaofungwa kwenye lenzi uelekeze kwenye jicho lako, upande wa nje uelekee kikokotoo, kisha zungusha. Kidirisha kikiwa cheusi halafu kikafunguka tena, filta inafanya kazi. Ukiigeuza kinyume, polaraiza za kisasa zitakuonyesha rangi kubadilika kidogo tu bila kuzima, kwa hiyo wengi hufeli kipimo hiki kwa sababu wameshika filta upande usio wake. Kama kwa pande zote mbili hakuna kinachotokea, umeuziwa kioo cha dirisha chenye ringi. Pole.

"Anga halibadiliki"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na nitakaa nalo.

Anga la buluu halijapangika sawasawa kila mahali. Limepangika zaidi kwenye ukanda ulio digrii 90 kutoka jua lilipo. Ukitazama jua lenyewe, au ukilipa mgongo, karibu hakuna kitu cha kuzuia. Kipimo hakihitaji kifaa: fanya mkono kama bastola ya watoto, kidole cha shahada kielekeze kwenye jua, dole gumba lisimame pembeni. Sasa zungusha kiwiko huku kidole cha shahada kikibaki kwenye jua. Kila mahali dole gumba linapopita ndipo filta inapokuwa na nguvu.

Kwa huku kwetu maana yake ni hii. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, anga linaloitika ni la kaskazini na la kusini. Ndiyo maana mlima Loleza ukiupiga kutoka mjini, au Rungwe ukiwa Tukuyu, asubuhi unapata buluu ya kukata na shoka, kwa sababu milima hiyo yote unaitazama ukielekea kaskazini. Matema jioni, geuka. Acha milima, tazama ziwa kuelekea kusini, uone filta ile ile "mbovu" inavyofanya.

Mchana ni habari nyingine. Juni na Julai jua la adhuhuri kwetu linaegemea kaskazini, kwa hiyo elekea mashariki au magharibi. Katikati ya Oktoba, na tena mwisho wa Februari, jua linapita karibu kabisa na utosi, na ukanda ule wa digrii 90 unalala kuzunguka upeo wote wa macho. Hapo popote utakapogeuka, anga la chini linaitika. Wapiga picha wengi hawapendi jua la utosini kwa sababu ya vivuli vya usoni, nami kwa picha za watu nakubaliana nao. Kwa mandhari naliheshimu. Kumbuka tu kwamba kwa saa zetu, huku Mbeya jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Linachelewa hadi saa sita na nusu na zaidi.

Kama pembe ni sahihi na bado hakuna kitu, angalia anga lenyewe. Mawingu mazito, ukungu wa Juni asubuhi, na ule moshi wa mashamba yanayochomwa mwisho wa kiangazi, vyote vinaugonga mwanga mara nyingi mpaka unapoteza mpangilio wake. Anga likiwa jeupe kama uji, filta haitalifanya la buluu. Kuna watu wanaambiwa polaraiza "inakata ukungu". Inasaidia kwenye utusitusi mwepesi wa mbali, siku ya hewa kavu. Ukungu wa kweli unausubiri uondoke wenyewe.

"Anga limekuwa na doa jeusi katikati"

Kinyume cha tatizo la kwanza, na sababu ni ile ile. Lenzi ya milimita 18 kwenye kamera yenye sensa ndogo inaona kama digrii 66 kwa upana. Ya milimita 10 inakaribia digrii 100. Kwa upana huo unaingiza kwenye picha moja ule ukanda wenye nguvu pamoja na sehemu isiyo na nguvu, na matokeo yake ni anga lenye bonde jeusi upande mmoja na weupe upande mwingine. Kuhariri baadaye ni kazi ya adhabu. Vuta lenzi hadi 35 au zaidi, au legeza filta isifike kwenye nguvu yake yote, au iondoe. Ukitaka picha ndefu ya kuunganisha vipande, iondoe bila kujadiliana nayo, maana kila kipande kitatoka na buluu yake.

Kitulo kuna mtego wa ziada. Uwanda ule uko juu, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba na anga tayari ni la buluu iliyokolea. Filta ikizungushwa mpaka mwisho, anga linakwenda kwenye weusi, na maua yanaonekana kama yamepigwa usiku kwa flashi. Mimi nikiwa kule nazungusha mpaka nione mawingu yameanza kujitenga na anga, nasimama hapo. Mawingu hayaguswi na filta kwa sababu mwanga wake umeshachanganyika, ndiyo maana yanabaki meupe anga likizama.

"Mng'ao wa maji hautoki"

Hapa jua lilipo si neno kubwa sana; neno ni macho yako yanayagonga maji kwa mteremko gani. Kwa maji, mng'ao unapangika kikamilifu pale mstari wa macho yako unapoyakuta kwa digrii 37 hivi kutoka usawa wake. Kwa kioo ni kama 34. David Brewster wa Scotland ndiye aliyeiweka hesabu hiyo wazi mwaka 1815. Kwa vitendo: mtu wa kimo cha kawaida akisimama ukingoni, maji yanayotii filta kuliko yote ni yale yaliyo mita mbili hivi mbele ya miguu yake. Mto Kiwira pale Daraja la Mungu, ukisimama vizuri, mawe ya chini yanajitokeza kama umeondoa kitambaa. Ukitazama maji moja kwa moja chini, au mbali kabisa, nguvu inapungua.

Ukiwa juu ya ukingo wa Ziwa Ngozi utaona yote mawili katika picha moja. Maji ya karibu, unayoyatazama kwa mteremko, yanafunguka kwenye kijani chake, na ya ng'ambo yanabaki na weupe wa anga. Si kasoro ya filta. Mwenzangu mmoja alikata sehemu ya ng'ambo kwenye kila picha akidhani lenzi yake ina ukungu.

Na usisahau kujiuliza kama unataka mng'ao utoke. Picha ya mlima uliojipiga kivuli chake ziwani ni mng'ao mtupu. Ukizungusha vibaya unaufuta mlima wa chini, halafu unakuja kwangu.

"Bati na sufuria bado zinawaka"

Zitaendelea kuwaka. Chuma na alumini isiyopakwa rangi hairushi mwanga uliopangika kama maji au kioo, kwa hiyo filta inaupunguza mng'ao pamoja na vingine vyote bila kuutoa. Bati jipya la nyumba, sufuria za sokoni, rimu za gari: hamisha miguu yako, filta haitakuokoa. Bati lililopakwa rangi ni jambo jingine, kwa sababu kinachong'aa pale ni rangi.

Gari nalo linachanganya watu. Boneti limelala, kioo cha mlango kimesimama, kila kimoja mng'ao wake una upande wake. Ukisafisha kioo cha mlango, boneti linawaka. Ukisafisha boneti, kioo kinarudi. Mtu wa kuuza gari anataka vyote, basi piga mbili uzichanganye kwenye kompyuta, au mwambie achague.

Kwa upande wa majani hapa ndipo filta inaponilipia kodi. Watu wanaiona kama kitu cha anga, wanaivua mawingu yakija. Nenda shamba la chai Tukuyu au Mufindi siku ya manyunyu. Kila jani limebeba weupe wa anga mgongoni, shamba zima linaonekana la kijivu. Zungusha, weupe unaanguka, na kijani kinatoka hata kama jua halijaonekana tangu juzi. Kama ningeruhusiwa kuitumia polaraiza kwa kitu kimoja tu, ningechagua majani yaliyolowa, anga ningeliacha.

"Tangu niifunge, picha zinatikisika"

Filta inakula mwanga, kati ya stopu moja na mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kasi ya shata iliyokuwa 1/125 ya sekunde inashuka kwenye 1/30 bila wewe kuambiwa, hasa kamera ikiwa kwenye otomatiki. Kwenye njia ya msituni kupanda Ngozi, ambako mwanga tayari ni wa kuokoteza, 1/30 inakuwa 1/8. Lenzi haijaharibika, mkono wako ndio umeonekana. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), au tumia stendi ya miguu mitatu, au ivue. Ukipiga maporomoko, upungufu huo unageuka kuwa faida, maji yanateleza kama hariri.

Kama picha ni laini hata kwenye stendi, na unatumia lenzi ndefu ya milimita 200 au 300, piga ile ile na filta na bila filta. Vioo vya bei ya chini havikusuguliwa vikanyooka sawasawa, na lenzi ndefu haisamehi.

"Nikizungusha, picha yote inakuwa giza"

Kila kitu kinazama kwa pamoja, uso, ukuta, anga? Hiyo si polaraiza. Umeuziwa filta ya giza inayorekebishwa, ambayo ndani yake ni polaraiza mbili zilizokaliana. Maduka mengi yanaziweka boksi moja na zina ringi inayozunguka vile vile. Soma pembeni: polaraiza imeandikwa CPL, ya giza inaandikwa ND na namba mbili, kwa mfano ND2-400. Ina matumizi yake, hasa kwa wapiga video, ila usiifungie kwenye lenzi pana ukaizungusha hadi mwisho, itakuchorea msalaba mweusi.

"Niliiseti vizuri, nikipiga imehama"

Lenzi nyingi za zamani za 18–55 zinazokuja na kamera, sehemu ya mbele huzunguka wakati wa kutafuta fokasi. Filta inazunguka nayo. Fokasi kwanza, kidole kikiwa kimebonyeza nusu kitufe cha kupigia, ndipo uzungushe filta. Au fokasi ukaifunga. Vile vile ukigeuza kamera kutoka ulalo kwenda wima, umeigeuza filta robo mzunguko, anza upya. Hili la mwisho huwapata hata wazoefu kwenye harusi, wala siwacheki, nimefanya.

"Picha za kwenye basi zina rangi za upinde wa mvua"

Umepiga kupitia dirisha la pembeni la basi. Kioo kile kimekazwa kwa moto, na ule mkazo uliobaki ndani yake unauchezea mwanga, polaraiza inauonyesha kwa rangi na madoadoa. Vua filta ukiwa ndani ya chombo. Plastiki ya dirisha la ndege ni mbaya zaidi.

Upinde wa mvua wenyewe, ule wa kweli juu ya bonde, mwanga wake umepangika sana. Filta inaweza kuukoleza au kuufuta kabisa. Ukiona upinde kwa macho na haupo kwenye kamera, zungusha.

"Fokasi inahangaika"

Kwenye kamera za kioo cha ndani, zile DSLR, kioo hicho hupitisha sehemu ya mwanga kwenda kwenye fokasi, na mwanga uliopangika upande mmoja unakivuruga. Ndiyo sababu filta za kisasa zina tabaka la pili nyuma linaloufanya mwanga uzunguke baada ya kuchujwa. Filta ya zamani isiyo na tabaka hilo itakupa fokasi na vipimo vya mwanga visivyoeleweka. Kuitambua: simama mbele ya kioo cha kujitazamia, upande wa filta unaofungwa kwenye lenzi uelekee kioo, chungulia. Taswira ya filta kwenye kioo ikiwa nyeusi, ni ya kisasa. Ikiwa inapitisha mwanga hata ukiigeuza, ni ya zamani. Kamera zisizo na kioo cha ndani hazisumbuliwi sana na hilo, na ya zamani inaweza kuwafaa wenye kamera hizo kwa bei ya kutupwa.

Ndogondogo

Pembe nyeusi za picha: umeifunga juu ya filta nyingine, au ringi ni nene kwa lenzi pana. Toa ya chini. Filta haiingii: soma namba yenye alama ya duara mbele ya lenzi, 52, 58, 67, 77. Mwenye lenzi kadhaa anunue filta ya lenzi kubwa na ringi za kupunguzia, asinunue filta tano.

Rangi imekuwa ya manjano au kijani: piga karatasi nyeupe na filta na bila filta. Tofauti ndogo unairekebisha kwenye mpangilio wa rangi nyeupe wa kamera (white balance). Kama kioo chenyewe kimegeuka zambarau au kahawia, au pembeni kuna mapovu, ile karatasi ya ndani imeiva. Hiyo ni kazi ya dashibodi ya gari juani. Haina dawa. Na usiioshe bombani, kwa sababu maji yanaingia kwenye mwanya wa ringi na kukaa kati ya tabaka. Pumzi na kitambaa kikavu vinatosha, hata baada ya mvua ya Tukuyu.

Imekwama kwenye lenzi: usiibane kwa vidole viwili, ringi inakuwa yai na kushika zaidi. Ivalishe raba pana, ya kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ishike kwa kiganja kizima bila kubana, geuza taratibu. Asubuhi ya baridi ya Uyole husaidia, ringi ikiwa imesinyaa kidogo. Koleo weka mbali.